Kunguru Aliyeita Umekuja

Vumbi la mbao halianguki. Linateremka, taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake. Pale Mafinga linateremka juu ya mabati, juu ya supu ya mbuzi, juu ya kope za wachumba na juu ya majeneza, ambayo nayo ni mbao. Asubuhi ni la dhahabu. Jua likipenya misonobari, mji mzima unang'aa kama umepakwa samli. Kaa hapa mwaka mmoja, ukipiga chafya utatoa vijiti vya kiberiti. Kaa miwili, utasahau kwamba vumbi hili ni nyama ya mti, na kwamba kelele iliyokuamsha inatoka machinjioni.

Maana msumeno una meno, na chenye meno hutafuna. Unatafuna kutwa, unalia huku unakula, kama mtoto mlafi. Na mti nao haufi kimya. Unapasuka, unanguruma, unashika wenzake mikono, unajaribu kwenda na mtu.

Katikati ya vumbi hilo alipika Veneranda. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa kiwanda cha kupasua mbao, mafiga matatu, benchi mbili, na ulimi mmoja uliotosha wanaume wote wa pale. "Shemeji, nyama ni ndogo leo," mtu akilalamika, alijibu: "Ng'ombe mwenyewe alikuwa na aibu." Walicheka, wakala, wakarudi kwenye misumeno yao. Alikuwa Msafwa wa Iyunga, Mbeya. Alikuja Mafinga juu ya lori tupu la mbao, amemfuata Kasian, mkata miti wa Kihehe mwenye pengo mbele na kicheko kilichopita kwenye pengo hilo kama upepo kwenye tundu la mlango.

Msituni kuna sheria moja. Haikuandikwa popote, kwa sababu waliojaribu kuisahau hawakubaki kuiandika. Mkata miti akishautia mti jeraha la mbele, akazunguka nyuma na chenso yake, msumeno wa injini, akasikia nyuzi za ndani zinaanza kulia, anasimama. Anajaza kifua. Anaita: *Unakujaaa!* Na hapo kila mwenye miguu anajua kazi ya miguu. Huulizi unatokea wapi. Humalizii sentensi. Unakimbia kwanza, shingo imeinuka, macho yanatafuta juu, na akili inakufuata nyuma inahema.

Unakuja. *Una*. Silabi ile ndogo, *na*, ndiyo nafasi yote aliyonayo mtu chini ya mti. Ndani yake kuna hatua za kukimbia, kuna chakula cha jioni, kuna watoto ambao hawajazaliwa. Ukichelewa kidogo tu, *na* inageuka *me*, na mti umekuja.

Kasian alikufa ndani ya silabi.

Mti ulikatwa na Vitus, rafiki yake, waliyekunywa naye ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kibuyu kimoja tangu ndevu zao zikiwa fununu. Ulimlalia Kasian mgongoni, ukamsukumia ardhini kama msumari. Walipouinua, kwanza hawakuona mtu; waliona shati. Vitus akapiga magoti mbele ya jeneza, machozi na kamasi vikigombea njia, akaapa: "Niliita, shemeji. Mungu anaona, niliita. Hakusikia."

Hakusikia! Kasian, aliyesikia sufuria ikifunuliwa akiwa ng'ambo ya bonde! Lakini nani anapima masikio ya marehemu? Wakamzika. Vitus akaiweka chenso chini, akahamia kupakia mbao kwenye malori, kazi isiyo na kuita. Tangu siku ile hakupaza sauti tena. Aliongea chinichini, kama mtu aliye kanisani muda wote. Watu wakasema: huzuni hiyo, mwacheni.

Mvua za kwanza zilipoosha kaburi, kunguru akaja.

Hakuwa kunguru wa jalalani, yule mwembamba mwenye njaa ya kizembe. Huyu alikuwa kunguru wa majabali, mpana kama koti la baba, mdomo mnene kama shoka, na kisogoni ana doa jeupe, jeupe kabisa. Wapasua mbao wakamwita Padri. "Ila kola ameivaa nyuma mbele," alisema Veneranda. "Padri aliyevaa gizani." Ndege akatua juu ya bati la kibanda, akakohoa, akajikung'uta vumbi. Kisha akafungua mdomo, na ndani ya mdomo wa ndege ikatoka sauti ya mtu.

*Ume… kujaaa!*

Mwiko ulimtoka Veneranda ukaingia kwenye maharage.

Sauti ilikuwa imekwaruzika, ya kiume, inatoka mbali kama redio ndani ya pipa. Na katikati ya neno palikuwa na kitu, kikwazo kidogo kooni, kama kwikwi ya mtu anayezuia kilio. *Ume*, halafu ile kwikwi, halafu *kuja*.

Umekuja. Ewe lugha yenye mifuko mingi! Kila Veneranda alipokwenda kuwasalimia wazazi Iyunga akarudi, Kasian alimpokea stendi kwa neno hilo hilo, pengo limefunguka kwa furaha, kama mtu asiyeamini bahati yake: *Umekuja?* Wewe, mwenyewe, kwa miguu yako? Umekuja? Sasa neno lilikuwa juu ya bati, limevaa manyoya, na mjane alisimama chini yake kama bibi harusi.

Akakumbuka hadithi ya bibi yake, chini ya mlima Loleza, ambako kunguru kama huyu huzunguka mawe jua linapowaka. Bibi alisema zamani kunguru alikuwa mweupe mzima. Kazi yake ilikuwa kubeba neno la mwisho la kila mtu na kulipeleka nyumbani. Siku moja akaleta neno ambalo watu hawakulitaka, wakamrushia kijinga cha moto. Akaungua mwili mzima, akawa mkaa unaoruka. Pakabaki kisogoni tu, pale ambapo marehemu alikuwa amemshika ili asidondoke njiani. "Lile jeupe, mjukuu wangu, ni kiganja cha mtu. Ukimwona, usimfukuze. Uliza kwanza nani amemshika."

Veneranda hakuuliza. Aliamini. Akamwekea ukoko wa ugali juu ya bati, siku za neema utumbo wa kuku, na akamtania kama alivyomtania mumewe: "Padri, leo hujanyoa." Ndege alikula, akafuta mdomo kwenye bati, akasema neno lake. Na kwa Veneranda siku ilikuwa imeanza.

Lakini upande wa pili wa barabara kulikuwa na hadithi nyingine. Tekla, muuza ulanzi, jirani wa mafiga na mshindani wa wateja, ndiye aliyeimwaga. "Lile jeupe ni unga," alisema, huku anamimina. "Wachawi wanampaka unga kisogoni ili usiku wasimpoteze. Mwenzetu hajafiwa. Mwenzetu ana mume hewani."

"Mume hewani ana nafuu," Veneranda alijibu kutoka upande wake. "Wako yuko chini ya benchi tangu jana."

Watu walicheka. Lakini kuna kicheko kinachoondoka na kitu, na kuna kicheko kinachoacha kitu. Kile kiliacha. Wakaanza kulisikia neno kwa masikio mapya. Umekuja: hivi ndivyo mwenyeji anavyomkaribisha mgeni. Na mgeni gani anakaribishwa na kunguru?

Akaja mgeni. Asubuhi ya dhahabu kama nyingine, Padri aliita juu ya bati, *ume… kujaaa*, na kabla mwangwi haujatulia, mkanda wa msumeno mkubwa ukakatika. Uliruka kutoka mashineni kama nyoka aliyekanyagwa. Ukamkuta Gideoni, mdogo wake fundi Aroni, ameshika banzi, ubao wa ganda uliotoka pembeni mwa gogo. Ukauchukua mkono wake kwenye kiwiko, ukaenda nao hadi ukutani. Mkono ulibaki umeshika banzi. Damu ilipiga dari, ikashuka polepole ndani ya vumbi, na vumbi likainywa yote, likawa jekundu, likawa zito, likaacha kupepea. Gideoni alikufa kabla gari halijafika lami.

Walimzika alasiri. Kisha wakapita kwa Tekla. Kisha, wakiwa na tope la kaburi kwenye viatu vya ibada na ulanzi umewajaa hadi machoni, wakaja kwenye kibanda.

Mbele yao alikuwa Vitus. Vitus wa chinichini, Vitus wa huzuni, na panga mkononi.

"Shemeji," alinong'ona. "Toka nje. Tunamtaka ndege wako."

"Ndege yuko juu, shemeji. Pandeni mkamwombe. Mimi nauza ugali."

Zamani wangecheka. Banzi la kwanza likampiga begani. Alilishika Aroni, fundi wa kunoa meno ya misumeno, mtu mpole, mtu aliyezoea kumwachia kiti. Sasa alikuwa analia huku anapiga, mate yanaruka. "Umemla mdogo wangu! Sema umemla!"

Banzi la pili, mbavuni. La tatu halina hesabu. Wote walikuwa na mabanzi. Mji wa mbao haukosi fimbo. Walipiga kama wanavyofanya kazi, kwa zamu, kwa mdundo, kwa kuhimizana. Sufuria ya maharage ikapinduka, mchuzi wa moto ukamwagikia mguu wake wa kushoto, ngozi ikainuka kama karatasi. Alipiga kelele. Mtu akamsukuma uso ndani ya lundo la vumbi la mbao, akamkalia mgongoni. Vumbi likaingia puani, likaingia mdomoni, tamu kidogo, chungu kidogo, ladha ya msonobari. Alisikia tairi likiviringishwa. Alisikia chupa ya petroli ikifunguliwa, ule mlio mdogo, kama busu.

Mafinga, Mafinga! Asubuhi ulikula ugali wake, sasa unamtia mafuta.

Ndipo Padri aliposhuka.

Hakushuka kipadri. Alishuka kama jiwe, mabawa yamefungwa, akatua juu ya kichwa cha Vitus na kuanza kulima. Mdomo ule mnene uliingia na kutoka, uliingia na kutoka, na kila ulipotoka ulikuwa na nywele. Kipande cha ngozi kikaning'inia juu ya sikio. Damu ikamfunga Vitus macho. Akazunguka, akakata hewa, akakata hewa tena, panga likamfikia ndege mkiani. Manyoya meusi yakatawanyika. Ndege akapepesuka hadi kwenye bati, hana mkia, anahema mdomo wazi. Na Vitus, aliyekuwa hajapaza sauti tangu msituni, akapaza.

"Umekuja!" alinguruma, panga juu. "Umekuja, shetani, umekujaaa!"

Sauti ikapanda, ikakwaruzika, ikapasuka mwishoni.

Na kutoka kwenye bati ikajibiwa. Ile ile. Mkwaruzo ule ule, mpasuko ule ule mwishoni, kama mtu na kivuli chake. *Ume… kujaaa!*

Mabanzi yakasimama hewani.

Wanaume hawa wameishi kwa masikio. Wanajua sauti ya kila mwenzao katika ukungu. Ndiyo iliyowafikisha hapa wakiwa na miguu miwili. Wakamtazama ndege. Wakamtazama Vitus. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua.

Chini, Veneranda alitaka kusema. Mdomo ulikuwa umejaa vumbi. Akameza kwanza. Donge likashuka kwa shida, koo likafanya mlio, na yeye mwenyewe akausikia.

Ile kwikwi.

Mungu wangu. Miezi yote ile aliidhani ni kilio. Alilala nayo, aliibembeleza, aliijibu. Haikuwa kilio. Ulikuwa mlio wa mtu anayemeza kitu kabla ya kuita. Na neno halikuwa salamu ya mume kwa mkewe. Kunguru alikuwepo msituni siku ile, juu ya tawi la jirani, na alikuwa amelibeba alilolisikia, kama alivyotumwa tangu dunia ilipoanza. Mti. Mti umekuja. Aliyeita, aliita wakati umeshafika.

Kasian alimtoka mikononi mara ya pili, na mara hii hapakuwa hata na shati.

Akainua uso, vumbi limemganda kwenye damu kama dhahabu ya maskini. Hakupiga kelele.

"Vitus," alisema. "Ulikuwa unameza nini?"

Panga likaanguka.

Vitus akapiga magoti. "Kiazi," alisema. "Kiazi chako, shemeji. Vile ulivyotufungia asubuhi. Kilikuwa bado cha moto. Nilisikia mti unalia, nikasema nimeze kwanza. Nimeze tu, niite." Akaanza kulia bila kujifuta. "Nikameza. Nikaita. Nikaona nimeita vibaya."

"Kiazi?" Aroni alisema. "Mtu amekufa kwa kiazi?"

Kisha akampiga. Lile lile banzi, lenye damu ya Veneranda bado mbichi. Na wote wakamfuata, kwa zamu, kwa mdundo, kwa kuhimizana. Hasira yao ilikuwa imeshawaka, ilihitaji mwili tu. Waliuvunja mkono ulioshika panga, ukasikika kama tawi kavu. Walimvunja meno. Tairi lililokuwa limeletwa kwa mjane likainuliwa, likapita juu ya kichwa chenye damu, likakaa mabegani mwa Vitus kama limepimwa kwa fundi. Petroli ikammwagikia. Aroni akatoa kiberiti.

Na Veneranda alifurahi. Tusidanganyane. Aliketi katika maharage yake, mguu unawaka, mbavu zinagongana, na kitu kilimchanua ndani, chekundu, kitamu. Fanyeni, alisema moyoni. Fanyeni, na mkichoka nitawapikia.

Vitus alikuwa magotini. Alifungua mdomo aombe, nao ulikuwa umejaa vumbi. Akameza kwanza.

Kwikwi ile ile.

Veneranda akaisikia, na furaha ikakatika. Aliwaona walivyosimama: wakata miti, wapasua mbao, shingo zote zimeinama kumtazama mtu mmoja, hakuna hata jicho moja lililotazama juu. Hivi ndivyo alivyosimama Kasian. Hivi ndivyo wanavyosimama watu kabla silabi haijageuka. Kijiti cha kiberiti kilikuwa kimeshagusa ubavu wa boksi.

Akajaza kifua. Mbavu zake zilipiga yowe. Akaita, kwa sauti iliyotoka Iyunga, iliyotoka chini ya Loleza, iliyokuwa imechelewa tangu siku ile msituni:

*"Unakujaaaaa!"*

Ewe Mafinga, ungejiona! Umati wote uliruka. Hawakufikiri, miguu yao ilikuwa inakimbia neno hilo tangu utoto. Aroni alitupa kiberiti akaingia mtaroni kichwa kwanza, na suti yake ya mazishi. Wengine walipotelea chini ya lori. Wengine walikumbatiana nyuma ya magogo. Tekla, aliyekuja kutazama tu, alijifunika kibuyu cha ulanzi, kikammwagikia hadi viatuni. Kila shingo ilielekea juu, kila jicho lilitafuta mti, katika uwanja ambao haukuwa na mti hata mmoja uliosimama.

Mmoja tu hakukimbia. Vitus alibaki magotini, tairi shingoni, uso umeinuliwa, macho yamefumbwa, mikono wazi. Alikuwa anausubiri. Alikuwa ameusubiri muda mrefu.

Hakukuja mti. Lilikuja vumbi, lile lililokuwa limetimuliwa na miguu yao, likateremka juu ya kila mmoja bila kuchagua.

Mtu akacheka chini ya lori, kicheko cha kutetemeka. Mwingine akaanza kulia. Aroni alitoka mtaroni tope hadi masikioni, akatafuta kiberiti, akakikuta kimelowa. Alikitazama sana. Kisha akaenda kwa Vitus, akamvua tairi, polepole, kama mtu anayemvua mtoto shati lenye kola ndogo.

"Mpelekeni polisi," alisema Veneranda, na akazimia kabla hajaongeza utani.

Vitus aliyasema yote kituoni, kwa sauti kubwa.

Asubuhi ya siku Veneranda aliporudi kibandani, alikuwa na mguu uliofungwa bandeji na mbavu zilizomkataza kucheka. Aroni alikuwa ameshamtengenezea benchi mpya. Hakusema samahani; aliipiga randa mara mbili. Tekla alileta maharage, akayaweka bila kumtazama. "Yana mawe," alisema. "Kama moyo wako, dada," alijibu Veneranda, na akaanza kuyachambua.

Juu ya bati kukasikika kucha. Padri, hana mkia, ameharibikiwa mpango mzima wa kuruka, alitua kwa kuanguka, akajifanya alikusudia. Akakohoa. Akajikung'uta. Veneranda akaushikilia mwiko. Hakujua kama angeweza kulisikia tena lile neno, sasa alipojua ni la nani.

Kunguru akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamke, yenye mbavu zilizovunjika, yenye kifua kizima.

*Unakujaaaaa!*

Kiwandani mbao zilidondoka. Misumeno ikazimwa. Kutoka kila mlango wanaume walitoka mbio, shingo zimeinuka, wakitafuta mbinguni kitu cha kukimbia. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na jua ndani ya misonobari, na vumbi la mbao, la dhahabu, linateremka taratibu, na chini yake mji mzima umesimama ukitazama juu.